Kabla ya Kumwadhibu Mwanafunzi, Tusome Skrini

Yeyote asafiriye kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Mombasa anaujua mji wa Mariakani kwa mizani yake. Malori hupanga foleni, hupimwa uzito, na lile lililozidisha shehena huzuiwa hata kama dereva wake ataapa kwamba hakubeba zaidi ya ruhusa. Hakuna anayemkamata utingo kabla ya kipimo kusomwa. Nimeyaanza makala haya kwa mizani kwa sababu si mbali na hapo, katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, mwanafunzi alituhumiwa, akahukumiwa na kuadhibiwa kabla ya mtu yeyote kusoma kipimo kilichokuwa kimeandikwa waziwazi mbele ya macho ya wote.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa Kidato cha Nne, anayesoma somo la kompyuta, aliingia maabara siku ya Alhamisi akiwa na flashi iliyohifadhi kazi ya mradi wake wa mtihani wa kitaifa. Alipoichomeka tu, skrini ikageuka buluu, ukatokea uso wa huzuni na maandishi ya Kiingereza, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Aliporudia, ikawa vivyo hivyo. Uamuzi ukapitishwa papo hapo: kijana ameleta virusi. Alirudishwa nyumbani kwa juma zima na kuagizwa aje na mzazi wake, naye mzazi alipe gharama ya fundi kutoka Mombasa.

Mama yake, ambaye huuza maembe sokoni, alikuja nyumbani kwa kaka yangu nilipokuwa nimewatembelea wazee. "Mwalimu," akaniambia, "mimi sizijui mashine hizo, lakini mwanangu namjua. Si mharibifu." Mimi ni mtu wa isimu, si mhandisi. Hata hivyo, kazi ya mwanaisimu ni kusoma kilichosemwa na kuuliza kimesemwa na nani, lini na kwa maana gani. Nikamwomba naibu wa mwalimu mkuu anipe muda wa saa moja kabla ya fundi kuanza kazi, kwa maana fundi alikuwa amekwisha kutoa dawa yake: kufuta kila kitu katika kompyuta zote na kuweka Windows upya. Dawa hiyo ingefuta pia kazi za miradi za darasa zima.

Katika maabara mlikuwa na kompyuta 20, zote za msaada, zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Niliuliza swali la kwanza: ni ngapi zinazougua? Zilikuwa 6. Swali la pili: hizo 6 zina nini ambacho nyingine 14 hazina? Mwanafunzi mmoja akajibu kabla ya mwalimu: zilikuwa zimechomekwa vile vidude vidogo vya kunasia intaneti bila waya, vilivyonunuliwa majuma mawili yaliyotangulia. Swali la tatu: skrini ile ya buluu inasema nini? Hapo pakawa kimya. Wote walikuwa wameiona mara nyingi, na wote walikuwa wameipa jina la "ugonjwa wa uso wa huzuni", lakini hakuna aliyekuwa ameisoma.

Tukaisoma. Chini ya uso ule paliandikwa msimbo wa kusimama, ambao kwa Kiswahili chepesi ungesema kwamba kiendeshi kimejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu wakati ambapo hakikuruhusiwa kuigusa. Chini yake palikuwa na neno la "kilichoshindwa", likifuatwa na jina la faili lenye kuishia kwa .sys. Katika kompyuta 5 kati ya zile 6, jina lilikuwa ni lile lile kila mara. Tulilitafuta kwa simu yangu, na katika dakika chache tukajua kuwa faili hiyo ni ya programu iliyowekwa pamoja na vidude vile vya intaneti.

Ushahidi wa kumtoa kijana hatiani ulikuwa umelala ndani ya kompyuta yenyewe. Windows inapoanguka, kwa kawaida huandika kumbukumbu fupi ya ajali katika folda iitwayo Minidump, na kila kumbukumbu huwa na tarehe na saa. Katika kompyuta aliyoitumia kijana, kumbukumbu ya kwanza ilikuwa ya Jumatatu, siku tatu kabla ya flashi yake kuigusa. Siku hiyo maabara ilikuwa ikitumiwa na walimu.

Sasa tuulize: kiendeshi ni kitu gani hata kiweze kuangusha kompyuta nzima? Kompyuta ina mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, unaosimamia kazi zote. Mfumo huo haujui lugha ya kila printa, kila kamera na kila kadi ya mtandao inayotengenezwa duniani. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa kifaa huandika programu ndogo inayopokea amri ya mfumo na kuigeuza kuwa lugha ya kifaa chake, kisha ikapokea jibu la kifaa na kulirudisha kwa mfumo. Kwa ufupi, ni mkalimani. Mtu aliyekulia Mariakani, ambako Kigiriama, Kiduruma, Kikamba na Kiswahili hukutana katika duka moja, hahitaji kufafanuliwa zaidi kazi ya mkalimani wala hasara ya mkalimani mbovu.

Lakini mkalimani huyu ana cheo kikubwa. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hukaa sebuleni. Zikikosea, huondolewa peke yao na nyumba ikabaki salama. Viendeshi vingi huruhusiwa kuingia chumba cha ndani kabisa, yaani katika kiini cha mfumo, ambako kumbukumbu yote ya kompyuta iko wazi. Kiendeshi kikiandika au kusoma pasipostahili huko ndani, mfumo hauwezi tena kujua ni kipi kilicho sahihi na kipi kilichoharibika. Ndipo unapoamua kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu faili za mwenye mali. Skrini ya buluu, basi, ni hatua ya kujihami. Nayo siku hizi si lazima iwe buluu: mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilianza kuibadilisha kuwa nyeusi katika Windows 11 na kuupunguza ujumbe wake, lakini msimbo na jina la kiendeshi vimeachwa.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni matatizo ya kompyuta kuukuu za Mariakani. Mnamo Aprili 1998 mjini Chicago, Bill Gates alipokuwa akiwaonyesha watu Windows 98, msaidizi wake alichomeka skana, na skrini ikageuka buluu mbele ya hadhira. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba katika kiini cha Linux, kiwango cha makosa katika viendeshi kilifikia kati ya mara 3 na mara 7 ya kile cha sehemu nyingine. Mwaka 2003 wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba viendeshi ndivyo vilivyosababisha asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikokuwa kumeripotiwa.

Kielelezo kikubwa zaidi kilikuja Ijumaa, Julai 19, 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike huuza programu ya ulinzi ambayo sehemu yake ni kiendeshi kinachokaa katika kiini cha Windows. Asubuhi hiyo, saa moja na dakika tisa kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ilituma faili mpya ya maelekezo kwa kompyuta za wateja wake. Faili hiyo ilitegemea sehemu 21 za habari, lakini programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ilitoa 20 tu. Kiendeshi kilipoitafuta ile ya 21, kikasoma mahali pasipokuwa pake, na kompyuta ikaanguka. Iliwashwa tena, kiendeshi kikasoma faili ile ile, ikaanguka tena. Kampuni iliiondoa faili hiyo baada ya dakika 78, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, idadi ambayo ni chini ya asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows. Hata hivyo ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma, na shirika la ndege la Delta likafuta safari zipatazo 7,000 katika siku chache.

Katika mkasa huo kuna funzo ambalo linamhusu hata mwalimu wa kijijini. Kiendeshi chenyewe kilikuwa kimepimwa na kuidhinishwa. Kilichopita bila kupimwa ipasavyo ni shehena mpya iliyopakiwa juu yake, tena ikatumwa kwa wote kwa mkupuo mmoja. Ni sawa na lori lililopita mizani salama, kisha likaongezewa mizigo mbele ya safari. Na dawa ilipopatikana, haikuwa kufuta kila kitu. Ilikuwa ni kuwasha kompyuta katika hali salama, ambamo viendeshi vya lazima tu ndivyo vinavyopakiwa, na kuifuta faili moja yenye kosa. Kwa kuwa kompyuta nyingi hazikuweza kukaa hai kwa muda wa kutosha kupokea marekebisho kutoka mbali, mafundi walilazimika kuziendea moja moja, na palipokuwa na diski iliyofungwa kwa siri, asiye na ufunguo wake alikwama.

Sisi nasi Mariakani tulifuata njia hiyo hiyo. Naomba niieleze kwa mpangilio, kwa maana walimu wengi wameniuliza.

Kwanza, nakili au piga picha ujumbe wa skrini, hasa msimbo na jina la faili. Usiridhike na mara moja. Linganisha mara tatu au nne. Jina la faili likiwa lile lile kila mara, mtuhumiwa mkuu ni kiendeshi hicho. Misimbo ikibadilika ovyo, leo hivi kesho vile, shuku kumbukumbu ya kompyuta, diski, joto au umeme. Pili, uliza ni nini kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza: kifaa kipya, programu mpya, au masasisho. Tatu, chomoa kila kifaa kisichohitajika uone kama ajali zitakoma. Nne, washa kompyuta katika hali salama. Katika Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift unapobofya amri ya kuwasha upya, kisha fuata chaguo za urekebishaji; na kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hukuletea chaguo hizo yenyewe. Hapo nakili kwanza kazi za wanafunzi. Tano, katika orodha ya vifaa, rudisha kiendeshi cha awali au kiondoe kabisa. Sita, tafuta kiendeshi sahihi kwa mtengenezaji wa kifaa au wa kompyuta, kinachooana na toleo la Windows ulilo nalo; usichukue kutoka katika zile diski za "viendeshi vyote" zinazopitishwa mkono kwa mkono. Saba, kiweke katika kompyuta moja tu, ukiangalie kwa siku mbili, ndipo uwape nyingine. CrowdStrike nayo, baada ya mkasa wake, iliahidi kutuma masasisho yake kwa awamu.

Kompyuta 5 zilipona. Ya sita iliendelea kuanguka, tena kwa misimbo tofauti tofauti. Tuliiendeshea kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, kikaonyesha kwamba kadi ya kumbukumbu ni mbovu. Nataja jambo hili kwa sababu ingekuwa rahisi kuvitwika vile vidude lawama zote, kama alivyotwikwa kijana yule.

Nije sasa katika fani yangu. Iweje watu zaidi ya 40, walimu na wanafunzi, waitazame skrini kwa siku kadhaa bila kuisoma, ilhali wote wamefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi? Jibu langu ni kwamba tumewazoesha kuyaona maandishi ya kompyuta kama alama, si kama lugha. Mwanafunzi hukariri kwamba akiona dirisha hili abofye hapa, na akiona lile abofye pale. Akikutana na dirisha ambalo hakukaririshwa, hana la kufanya ila kuogopa. Na palipo na hofu, virusi huwa ndiyo sababu ya kila kitu, kama ambavyo katika vijiji vyetu kila kifo kisichoeleweka hutafutiwa mchawi. Wazee wengi wa Kilifi wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Sisemi kwamba kurudishwa nyumbani kwa juma moja ni sawa na mauti. Nasema kwamba namna ya kufikiri ni moja: dhara limetokea, nani alikuwa karibu?

Istilahi nazo zina mchango wake. Neno la Kiingereza linalotumika kwa programu hizi maana yake ni dereva. Katika mji wa malori kama Mariakani, mwanafunzi akiambiwa kuwa dereva wa printa ameharibika, hucheka. Sisi wanaisimu tukampa neno kiendeshi, tukadhani tumemaliza kazi. Lakini kiendeshi nacho nimekisikia kikitumiwa kwa diski, na kwa programu hii, na pengine kwa mfumo wenyewe. Istilahi moja inayobeba vitu vitatu ni lori lililozidisha uzito. Zaidi ya hayo, taswira yenyewe inapotosha, kwa kuwa kazi halisi ya programu hii ni kutafsiri. Sidai kwamba tubadilishe neno leo. Nadai kwamba mwalimu akilitaja, aanze kwa kumtaja mkalimani, na mwanafunzi ataelewa kwa nini printa nzuri na kompyuta nzuri zinaweza kushindwa kuelewana.

Kuna watakaosema kwamba kompyuta ni ya Kiingereza na ibaki hivyo. Hao wamesahau historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuitafsiri Windows na Office kwa lugha yetu, na baadaye tafsiri hizo zikapatikana. Tatizo halikuwa kukosekana kwa maneno. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulibishana kama mashine hii iitwe tarakilishi au kompyuta, na katika mabishano hayo tukasahau kumfundisha mtoto kuisoma inapolalamika. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza kwa nini mashine ya shule imezima ina kasoro, na kasoro hiyo ni yetu sisi tulioajiriwa kuikuza.

Serikali pia haina budi kujiuliza. Tangu ahadi ya vipakatalishi ya mwaka 2013 na usambazaji wa vifaa katika shule za msingi ulioanza mwaka 2016, tumehesabu mashine zilizotolewa kuliko tulivyohesabu watu wanaoweza kuzirekebisha. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hilo ni jema. Lakini ujuzi huo usiishie katika kuwasha na kuchapa. Kila shule yenye maabara iwe na daftari la ajali za kompyuta: tarehe, saa, ujumbe wa skrini, na kilichobadilika. Daftari ni shilingi chache, na lingetosha kumwokoa kijana wetu. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe utatuzi wa hitilafu kama somo la kusoma na kufikiri. Jambo hili limezidi uzito sasa, kwa kuwa Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za msaada hazikidhi masharti ya Windows 11. Tutazidi kukaa na mashine ambazo wakalimani wake hawatafutiwi warithi.

Kijana alirejea shuleni siku ya nne, na gharama ya fundi haikudaiwa tena. Naibu wa mwalimu mkuu alimwita mbele ya darasa na kukiri kwamba shule ilikosea, jambo ambalo si la kawaida katika shule zetu na ambalo nampongeza kwalo. Mradi wake ulipatikana ukiwa mzima. Nilipomuuliza kwa nini hakujitetea kwa kusoma maandishi yale siku ya kwanza, alinijibu, "Mwalimu, sikujua kwamba yameandikwa ili yasomwe na mimi."

Jibu hilo nawaachia walimu wenzangu, na mimi nikiwamo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Lakini mwanafunzi hawezi kuuliza juu ya maandishi ambayo tumemfanya aamini kuwa hayamhusu.